Sina Neno

Wifi yangu alinipigia simu asubuhi ya siku ya kazi, nikiwa maabara na kidato cha tatu. Tulikuwa tunapasua moyo wa ng'ombe nilioununua buchani, hapa Musoma mjini, na mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya glavu yenye damu. Nikapokea kwa mkono wa kushoto. Mimi na wifi hatuna kawaida ya kupigiana simu, labda kuwe na msiba au sikukuu.

"Wifi, Jumamosi usipange kitu," akasema. "Bibi amesema maji yarudiwe. Mashangazi wote muwepo."

Nikamuuliza maji gani, ingawa nilikwishajua.

"Ya mtoto. Yale ya harusi. Bibi anasema kuna mtu alimpulizia akiwa na neno tumboni."

Nikamwambia nitakuja, nikakata simu, nikarudi kwenye moyo wa ng'ombe. Mwanafunzi mmoja aliuliza zile vali zinafanya kazi gani, nikamjibu kwamba zinazuia damu isirudi ilikotoka. Nilijibu vizuri tu. Lakini huyo mtu mwenye neno tumboni nilikuwa mimi, na nilikuwa nimelijua hilo kwa miaka mitatu.

Kwetu, vijiji vya kandokando ya ziwa upande wa Bukima, zipo familia ambazo binti hatoki kwenda kuolewa bila maji ya mashangazi. Yetu ni mojawapo. Watu wanasali kwanza, maana sisi ni Wakristo na hatutaki ugomvi na mchungaji, kisha dada za baba wanaingia sebuleni na binti, mlango unabaki wazi, na kikombe cha maji kinazungushwa. Kabla hujapiga funda unaulizwa na mkubwa wenu, ambaye kwetu ni huyo bibi: una neno? Maana yake, una kinyongo chochote juu ya huyu binti au wazazi wake? Kama unalo, unalisema hapo hapo mbele ya wote, unasukutua na kutema nje ya mlango, ndipo unapiga funda la pili na kumpulizia binti kwa baraka. Kama huna, unasema sina neno, unapuliza, imekwisha. Anayepuliza huku amelificha, wanasema amemfungia binti njia.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nimeeleza maelfu ya mara jinsi mimba inavyotunga na kwa nini nyingine hazifiki, na hakuna ukurasa wowote wenye mate ya shangazi. Mtoto wa kaka yangu, anayeishi Bunda na mumewe, alikuwa amepoteza mimba mbili, zote katika mwezi wa nne. Alikuwa akienda kliniki, na madaktari walikuwa wanamwangalia vizuri. Sababu zinazowezekana ningeweza kuziandika ubaoni kwa mpangilio. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, mwezi wa tano umeingia, na nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa ncha za vidole.

Pamoja na ubao wangu wote, mimba ya kwanza ilipotoka nilikwenda Bunda kumpa pole, nikaketi pembeni ya kitanda chake, na kilichonijia kwanza hakikuwa huruma. Kilikuwa hofu kwamba ataniangalia usoni na kujua. Ya pili ilipotoka nilimkasirikia yeye. Hebu fikiria. Binti amelala pale, macho yamevimba kwa kulia, na mimi namkasirikia kwa kuwa ananifanya nijione mbaya.

Sasa inanibidi nilieleze hilo neno lenyewe, na naona aibu, kwa sababu ni dogo. Hasira naijua, nimezaliwa nayo. Hasira yangu ikipanda nafoka, naweza hata kuvunja sahani, kisha naomba chai. Kinyongo ni kitu kingine kabisa. Hakipigi kelele. Kinaamka mapema, kinaoga, kinasalimia watu kwa adabu zote na kupeleka zawadi. Ukikiuliza una nini, kinajibu sina kitu, tena kwa tabasamu. Na mara nyingi kinadumu kwa kuwa jambo lililokizaa, ukilitamka kwa sauti, linakuwa dogo mpaka unaona haya. Basi hulitamki, nacho kinaendelea kukaa.

Miaka ishirini na saba iliyopita mama yangu aliugua, akaletwa kwangu. Nilikuwa naishi Butiama, kwao mume wangu, na nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mimi ndiye niliyemwogesha mama na kumlisha uji kwa kijiko, nikamgeuza ubavu huu na ubavu ule ili mgongo usichubuke. Siku moja nikimbadilisha shuka aliweka mkono tumboni kwangu, akasema kwa lugha yetu ya nyumbani kwamba huyu ndiye atakayemrudisha. Alisema mara moja tu. Chumbani tulikuwa wawili.

Kwetu marehemu hurudi kwa jina. Bibi akifariki, jina lake linapewa mtoto wa kike wa kwanza kuzaliwa katika familia baada ya matanga, na tangu siku hiyo mtoto huyo ndiye yeye. Baba yake anamwita mama. Babu yake anamwita mke wangu na kumgombeza kwa utani kwamba siku hizi hapiki. Mashangazi nao wanamwita mama, naye anawaita wanangu, hata akiwa bado anatambaa. Ni mchezo, lakini ni mchezo unaofuta machozi. Mtu aliyefiwa na mama yake anapata pa kulipeleka hilo neno "mama" ambalo limebaki mdomoni bila mwenyewe.

Mama alifariki, tukamzika Bukima. Mke wa kaka yangu alikuwa na mimba iliyonitangulia, akajifungua msichana matanga yameisha tu. Siku ya kutoa jina nilikuwepo. Nilikaa mkekani na tumbo langu nikingoja mtu aniulize. Nilidhani angalau wataniuliza. Wote walijua nani alimwogesha. Hakuna aliyeuliza. Baba alimbeba mtoto aliyekuwa analia, akamwita kwa jina la mama, mtoto akanyamaza, vigelegele vikapigwa. Wifi alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamtazama, nikasema moyoni, anajivuna huyu, ila anajificha.

Mtu anaweza kuniuliza, mbona hukusema? Nilitaka nikumbukwe. Kitu cha kuomba nisingekitaka hata wangenipa kwa mikono miwili. Nilitaka mtu asimame katikati ya vigelegele vile aseme, ngojeni kwanza, huyu je? Hakusimama mtu. Miezi miwili baadaye nikajifungua msichana, na upande wa mume wangu walikuwa na shangazi yao marehemu aliyekuwa anangoja, wakampa jina lake. Ni jina zuri na binti yangu nampenda. Lakini siku za mwanzo, nikimnyonyesha, nilikuwa nikiwaza kwamba mama amekosea nyumba.

Hapo ndipo kilipoanza. Nami nikakilea. Chochote alichofanya wifi kilinifaa. Alimwita mtoto kwa jina la ubatizo tu, jina la mama hakulitamka hata siku moja, nikasema ni dharau, amechukua kitu asichokitumia. Mtoto akinenepa, nikasema anakula baraka zisizo zake. Akikonda, nikasema hawamtunzi mama yangu. Mwenye kinyongo hakosi ushahidi. Akikosa leo, anakaa kwa subira, kesho utapatikana.

Na wakati huo huo nilikuwa shangazi wa mfano. Nguo ya Krismasi ya mtoto yule nilikuwa nainunua mimi, na ilikuwa nzuri kuliko ya binti yangu. Viatu, begi, kila kitu. Alipomaliza darasa la saba nilisema aje kwangu Musoma, tulikokuwa tumehamia kwa ajili ya kazi yangu, asome sekondari ninayofundisha. Ukoo mzima ulinisifu. Nilijisifu pia. Leo nadhani nilitaka kumpata karibu nimkague, nione mama yangu yuko wapi ndani ya mtoto huyu, na nikimkosa nipate la kusema.

Alifika ana miaka kumi na mitatu, begi mgongoni, na mfuko wa dagaa wakavu aliopewa na mama yake. Alisimama mlangoni, akatua mfuko, akashika kiuno kama mwanamke mzima, akacheka.

"Mwanangu, hujambo? Mbona umekonda hivyo, huyu mumeo hakulishagi?"

Ndivyo walivyomfundisha nyumbani. Babu yake alikuwa akimtuma aseme hivyo kwa baba zake wadogo, na watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Mume wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sauti ile, na ule mkono kiunoni, vilikuwa vya mama kabisa. Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Hapa kwangu watoto wanaamkia. Sema shikamoo, shangazi."

Mkono ukatoka kiunoni. "Shikamoo, shangazi."

Utani ule hakuurudia tena kwa miaka yote minne.

Sikumpiga. Sikumtukana wala kumnyima chochote. Alikula tulichokula, ugali wa mhogo na sato siku zenye sato, na alifaulu. Nilichomnyima ni kumwita. "Mama" sikuweza, kwa jina la mama sikuweza, na jina la ubatizo niliona ni la wifi. Kwa hiyo nikamwita "wewe", na mbele za wageni "mtoto wa kaka". Nilikuwa na ufundi wa ajabu. Ukitaka kumtuma mtu bila kumwita, unasema tu, "Hivi hivi vyombo vitakaa hapa mpaka lini?" na vyombo vinaoshwa. Niliweza kumaliza wiki. Binti yangu, ambaye ni rika lake na walikuwa wanalala chumba kimoja, aliniuliza siku moja, "Mama, mbona yeye humwitagi?" Nikamwambia apunguze umbea, aende akasome.

Muhula mmoja alishikwa na malaria kali. Nilikaa naye, nilimpa dawa kwa saa yake, nilimkanda kwa kitambaa cha maji. Joto lilipompanda akanishika mkono na kusema, macho yamefumba, "Mwanangu, nipe maji." Nilimpa maji. Kisha nikautoa mkono wangu taratibu, asijue. Nakumbuka jinsi nilivyoutoa, kidole kimoja kimoja.

Akaolewa. Siku ya maji nilikuwa nimevaa sare ya mashangazi, kitenge cha bluu, nimesuka vizuri, nimekuja na zawadi ya kitanda. Mkubwa wetu ni shangazi yake baba yangu, tunamwita bibi, kikongwe mkavu mwenye masikio mazito na ulimi mwepesi. Akanipa kikombe, akauliza kwa ile sauti ya watu wasiosikia vizuri:

"Mwalimu! Una neno?"

Sebule nzima ilikuwa inanitazama, na kamera ya harusi ikanigeukia. Nikafikiria nitaanzaje. Niseme kwamba nina kinyongo na mtoto huyu kwa sababu ya jina alilopewa angali kichanga? Mimi, mtu mzima, mwalimu, niliyeleta kitanda?

"Sina neno," nikasema.

Nikampulizia. Alifumba macho, maji yakamtiririka kifuani, akatabasamu kama mtu aliyepata alichokuwa anakitaka. Nilirudi kukaa nikijiambia kwamba maji ni maji.

Jumamosi hiyo ya kurudia nilitoka Musoma mapema, nikashuka njia panda na kuchukua bodaboda. Mawe ya kule ufukweni yalikuwa yameshaanikwa dagaa, na akina mama walikuwa wanawageuza kwa mafagio. Nilikuwa nimeamua. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na lazima niseme ukweli, maneno niliyoyapanga hayakuwa ya kujishtaki. Nilikuwa nimepanga kumshtaki wifi. Nitasema kwamba jina la mama lilikuwa langu, niliahidiwa na marehemu mwenyewe, na wewe ulikaa pale ukainamisha kichwa ukalichukua. Nilijiona ninavyosema, na nilimwona wifi akilia na kuniomba radhi. Nilikuwa nimeisubiri radhi hiyo kwa muda mrefu hata nilishajua nitaipokea nimekaaje.

Sebuleni tulikuwa wachache. Bibi, mimi, dada zangu wawili wa upande wa baba mkubwa, wifi, na binti mwenyewe kwenye kochi, amejifunga kitenge, tumbo limeanza kuonekana. Kaka aliambiwa akae nje, akakaa nje. Tukasali Baba Yetu.

"Safari hii tunaanza na mzazi," bibi akasema. "Wewe mama wa mtoto. Una neno?"

Hatukutegemea. Wifi huwa haulizwi. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akakaa nacho.

"Ninalo," akasema.

Akaanza kuongea akiangalia ndani ya kikombe. "Mama yangu alikufa kule Kibara mimba ya huyu binti ikiwa na miezi minne. Na sisi kwetu tunarithishaga jina. Niliomba. Nilimwomba mume wangu, nikamwomba baba mkwe, nikapiga na magoti. Wakasema mtoto wa hapa ni wa hapa. Siku ya kutoa jina nikamwangalia wifi yangu." Hapo akanitazama. "Nikasema huyu ni mwalimu, huyu watamsikiliza. Ndiye alimuuguza mama, na yeye ana tumbo. Aseme tu kwamba jina la mama yake analitaka yeye, basi mimi wataniachia la mama yangu. Nilikuwa nimeinama hivi namwomba Mungu aseme. Hakusema. Aliniangalia kama nimemwibia kuku. Tangu siku hiyo hilo jina mimi silitamki. Nilibeba mtoto miezi tisa, wakamweka mtu mwingine ndani yake." Akamgeukia binti yake. "Sijawahi kukwambia. Nisamehe, mwanangu."

Akasukutua, akaenda mlangoni, akatema. Aliporudi alimpulizia binti yake tumboni, na wote wawili wakashikana wakalia. Dada zangu walilia. Hata bibi, ambaye nadhani alisikia nusu, alikuwa anajifuta kwa upande wa kanga.

Mimi sikulia. Ningependa kuandika kwamba nilijawa na huruma kwa mwanamke huyu aliyezika mama yake mara mbili. Huruma ilikuja baadaye, nikiwa nyumbani. Pale sebuleni kitu cha kwanza nilichosikia ni wivu: ameniwahi tena. Machozi yale nilikuwa nimeyapanga yawe yangu. Na nyuma ya wivu ikaja hali ya ajabu, kama mtu aliyefika mahakamani na faili kubwa akakuta mshtakiwa hayupo. Hakuna aliyeniibia. Ningefungua mdomo siku ile, mimi ningepata jina la mama na yeye angepata la mama yake. Wawili tulikuwa tumekaa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja anamngoja mwenzake aseme.

"Mwalimu!" Bibi akaniletea kikombe. "Una neno?"

Nikajiambia kwamba sasa kwa kweli sina. Niliyekuwa na neno naye amekwisha kujieleza, neno limebaki halina mtu.

"Sina neno," nikasema, nikapiga funda, nikamsogelea binti.

Akavuta kitenge, akafunika tumbo, akaweka na kiganja juu yake.

"Hapana, shangazi," akasema. "Unalo."

Nilisimama mbele yake mashavu yamejaa maji, siwezi kujibu. Bibi akauliza kwa sauti, "Anasemaje?" na dada yangu mmoja akamsogelea sikioni akapaza, "Anasema mwalimu analo!" Kuku mlangoni wakashtuka. Ningeweza kwenda kutema. Nikameza.

"Baba ananiitaga mama," binti akaendelea, sauti ya chini, bila ukali. "Baba wadogo wote wananiita mama. Wewe nimekaa kwako miaka minne, hujawahi kuniita kitu. Siku ya harusi nilivyokusikia unasema huna neno, nilifurahi. Nilisema basi, limeisha. Kumbe hata baada ya hapo hukuniita. Huyu aliyeko humu sitaki afike akute hicho kinyongo. Sema, shangazi. Mimi sina haraka."

Nikasema. Nilisema vibaya, maneno niliyoyapanga yalikuwa hayafai tena, nikaanza katikati, nikarudi nyuma. Nikasema mama aliweka mkono tumboni kwangu. Nikasema niliona jina limetolewa na mimi nipo na hakuna aliyenitazama. Nikasema nilimchukia wifi, na kwa kuwa wifi alikuwa mbali, chuki ile niliimalizia kwake yeye, mtoto, aliyekuwa karibu. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai.

"Wifi," wifi akasema, amestaajabu, hanikejeli, "yaani ni hilo tu?"

Hakuna kitu kilichonichoma siku hiyo kama hiyo "tu". Lakini binti alikuwa bado ananiangalia.

"Shangazi, siku hiyo wananipa jina, mimi nilikuwa na siku ngapi?"

Kila mtu pale alijua. Mama yake alikuwa amekaa naye kochi moja. Aliniuliza mimi.

"Nane," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayehakikisha kwamba nami nimesikia. Nikamwomba msamaha. Niliongea nikiangalia kucha za miguu yangu, kama wanafunzi wangu wanavyofanya. Bibi akanisukuma begani kuelekea mlangoni, nikasukutua, nikatema nje mpaka mdomo ukakauka. Nikarudi, nikapiga funda la pili. Binti akaondoa kiganja, akafungua kitenge mwenyewe, nikampulizia. Ngozi ya tumbo lake ilishtuka kwa ubaridi.

Watu walisimama, chakula kilikuwa kimeiva, dada zangu walikwenda kupakua. Tukabaki wawili. Alikuwa anajifuta maji kwa ncha ya kitenge, na alianza kuongea bila kuniangalia, kama mtu anayekumbuka jambo la kawaida tu la shuleni.

"Unajua pale kwako nilikuwaga nafikiria nanuka?" akasema. "Nilisema labda ni harufu ya dagaa za nyumbani, imening'ang'ania, watu wa mjini wanaisikia, mimi siisikii. Ndiyo maana hunisogelei. Nilikuwa naoga asubuhi, naoga nikitoka shule, na kabla ya kulala tena. Kila siku. Nilikuwa najisugua na jiwe."

Nilizikumbuka zile ndoo za maji zilizokuwa zinaisha kabla ya jioni. Nilikumbuka pia karatasi niliyoibandika kwenye mlango wa bafu, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, kwamba kila mtu ndoo moja kwa siku.